Aniceti Kitereza: Aliyeandika riwaya kubwa ya Ziwa, akafa kabla ya kuishika
Na Mwandishi Wetu, Geita

JINA la Geita likitajwa, msomaji wa gazeti hufikiria dhahabu. Likitajwa la Shinyanga, hufikiria pamba, ng'ombe, au almasi ya Mwadui iliyovumbuliwa mwaka 1940. Ni mara chache kanda hii ya kusini mwa Ziwa Victoria hutajwa kwa sababu ya kitabu. Hata hivyo, ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe, aliishi mzee mmoja aliyeandika habari za watu wa Ziwa kwa upana ambao wavumbuzi, wamisionari na maofisa wa serikali za kikoloni hawakuufikia.

Mzee huyo ni marehemu Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika riwaya yake mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuwa ikielekea ukingoni. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1980. Yeye mwenyewe alifariki dunia mwaka 1981, nakala za kitabu zikiwa bado hazijamfikia mkononi.

Miaka thelathini na mitano ni muda mrefu kwa mswada kukaa sandukuni. Mtoto aliyezaliwa mwaka uleule uliomalizika mswada huo alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku kitabu kilipotoka mtamboni. Mfano huo haukuchaguliwa ovyo, kwani habari za watoto, wanaopatikana na wasiopatikana, ndizo kiini cha maisha ya Kitereza na cha riwaya yake pia.

Wakazi wa Geita na Shinyanga wasimwone mtu huyu kuwa wa mbali. Wakati Kitereza akiandika, Ukerewe, eneo la Geita na Shinyanga zote zilikuwa chini ya Jimbo moja, Jimbo la Ziwa, makao makuu yakiwa Mwanza. Hata baada ya uhuru, Geita na Ukerewe ziliendelea kuwa wilaya za mkoa mmoja wa Mwanza, mpaka Geita ilipopewa mkoa wake mwaka 2012. Kabla ya hapo, na kabla ya mzungu yeyote kuchimba dhahabu, Buzinza, yaani nchi ambayo Geita imo ndani yake, ilijulikana kwa chuma. Wafua chuma wa Kirongo walitengeneza majembe yaliyosafirishwa kwa mitumbwi na kwa miguu hadi Ukerewe na Usukuma. Jembe lililolima shamba la Mkerewe wa karne ya 19 huenda lilifuliwa katika vilima hivihivi ambavyo leo vinasagwa na mashine za mgodi.

Kisiwa chenyewe kilikuwa na jina kubwa. Wafanyabiashara wa pwani walioingia bara katikati ya karne ya 19, wakifuata pembe za ndovu, waliliita ziwa zima kwa jina la Ukerewe. Mwingereza Speke aliyafikia maji hayo mwaka 1858 akaamua kuyapa jina la malkia wake. Mwaka 1875 akaja Stanley, akapokelewa na Mukama Lukonge. Mwaka 1877 wamisionari wawili wa Kianglikana, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani humo katika ugomvi uliomhusu pia mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu. Wote hao, au wenzao waliobaki hai, waliandika. Walieleza kile walichokiona kwa muda wa wiki chache, na maandishi yao yakawa ndiyo historia iliyosomwa Ulaya. Wakerewe wenyewe walikuwa wakisimulia, lakini hapakuwa na aliyekuwa akiandika.

Mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Lukonge madarakani na kumsimika Mukaka. Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1896, Kitereza alizaliwa. Hakuwa mtoto wa mtu wa kawaida. Babu yake alikuwa Mukama Machunda, mtawala aliyemtangulia Lukonge, wa ukoo wa Wasilanga ulioitawala Ukerewe kwa vizazi vingi. Mtoto huyo alizaliwa, basi, katika nyumba iliyokuwa na kumbukumbu za utawala kamili, wakati utawala huo ulipokuwa umekwisha kuingia mikononi mwa wageni. Wazee waliomzunguka utotoni walikuwa wameiona Ukerewe ya zamani kwa macho yao.

Akiwa na umri wa miaka takriban kumi, alipelekwa na Mukama Mukaka katika misheni ya Kagunguli, iliyokuwa chini ya mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe. Watawala wengi wa zama zile walipeleka misheni watoto wa koo zao ili wakajifunze siri ya karatasi ya mzungu. Kitereza alionekana kuwa na akili nyepesi ya kushika, na kutoka Kagunguli akapelekwa mbali zaidi, seminari ya Rubya upande wa Bukoba.

Huko Rubya alisoma Kilatini, Kiyunani, Kijerumani na Kiswahili, pamoja na falsafa na teolojia. Tuseme wazi kwamba elimu hiyo haikuwa ndogo. Wakati vijana wengi wa Kiafrika wa rika lake walisomeshwa kiasi cha kutosha kuwa makarani au makatekista tu, kijana huyu wa Ukerewe alisoma maandiko ya kale ya Ulaya kwa lugha zake za asili. Aliona kwa macho yake namna Warumi na Wayunani walivyoziweka katika maandishi habari za miungu yao, vita vyao, ndoa zao na mazishi yao, na namna habari hizo zilivyoheshimiwa na mapadri waliomfundisha. Si vigumu kuamini kwamba ndiko alikopata wazo kuwa habari za Wakerewe nazo zastahili heshima hiyohiyo.

Hakuwa padri. Aliiacha njia hiyo, akarudi katika maisha ya watu wa kawaida, na mwaka 1919 alifunga ndoa ya Kikristo na Anna Katura. Alipata riziki yake kwa kazi za ukarani, na baadaye katika shughuli za misheni, zikiwamo za kufasiri maandiko ya dini.

Ndoa yake na Anna ndiyo sehemu ya maisha yake isiyoweza kupitwa haraka. Hawakubahatika kubaki na mtoto.

Msomaji wa mjini leo aweza kuisoma sentensi hiyo na kuendelea na mambo mengine. Kwa Mkerewe wa miaka ya 1920, tena mjukuu wa Mukama, jambo hilo lilikuwa zito kupita kiasi. Mtu asiye na mtoto hakuwa na wa kumtaja baada ya kufa. Ndugu wa mume walikuwa na dawa moja iliyojulikana na kukubalika na kila mtu, nayo ni kuoa mke mwingine, au kumrudisha aliyepo kwa wazazi wake. Kitereza hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Wapo watakaosema kuwa Kanisa lilimfunga mikono, na ni kweli kwamba ndoa ya Kikatoliki haikumruhusu mke wa pili. Lakini wapo Wakristo wengi wa zama zake waliopata njia ya kando. Yeye alibaki na Anna.

Katika miaka ya 1940 palikuwa na padri mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, aliyefanya kazi Ukerewe. Simard alikuwa mtu mwenye shauku ya kujua mila za wenyeji, na alimtia moyo Kitereza aandike. Kitereza alikuwa tayari amekusanya hadithi, methali na habari za watawala wa kisiwa. Sasa ikaonekana kuwa mila zikiandikwa kama orodha ya kanuni hazitasomwa na mtu, bali zikiwekwa ndani ya kisa cha watu wenye majina, wanaopendana na kugombana, vijana watazisoma na kuzikumbuka.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, ambayo hata wakati huo wazungumzaji wake walikuwa wachache wakilinganishwa na majirani zao Wasukuma.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, ila hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka mpaka masimango yanawafikia wazazi wake, nao wanamchukua binti yao na kumrudisha nyumbani. Myombekere anabaki peke yake katika mji wake, akipika mwenyewe, akifagia mwenyewe, akichekwa. Hatimaye anakwenda kwa wakwe kuomba arudishiwe mkewe. Wakwe wanamtoza faini ya mitungi sita ya pombe ya ndizi, kwa kuwa aliwaacha ndugu zake wamtukane binti wa watu.

Mambo hapo yanageuka kuwa ya jasho. Mtu anayeishi peke yake hawezi kupika mitungi sita ya pombe. Ndizi zinahitaji kuvunwa na kuivishwa, mtumbwi wa kukamulia unatakiwa, pamoja na watu wa kukanyaga, kuchuja na kubeba. Kitereza anaeleza kila hatua. Anaeleza nani aliombwa msaada na kwa maneno gani ya heshima, nani alikuja na nani hakuja, safari ya kuipeleka pombe hiyo ukweni ilikuwaje, na namna wakwe walivyoionja kabla ya kutamka kuwa wameridhika. Mwandishi wa makala haya aliisoma kwa nakala ya kuazima yenye jalada lililochanika, na anakiri kwamba zipo kurasa alizotamani kuziruka. Baadaye alizirudia. Zikiondolewa kurasa hizo, hukumu ya wakwe inabaki kuwa adhabu tu. Zikiwapo, msomaji anaelewa kuwa mitungi ile sita ilikuwa njia ya kumlazimisha Myombekere kurudi kwa jamaa zake na majirani, awaombe, asaidiwe, na ukoo mzima uwe shahidi kwamba anamtaka mkewe kweli.

Bugonoka anarudi. Mumewe na yeye wanakwenda kwa mganga, wanapewa dawa, wanafuata miiko, na baada ya muda mrefu wa mashaka wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Katika Kikerewe majina hayo mawili yanabeba mwangwi wa kifo na huzuni, kama ilivyo desturi ya makabila mengi ya Ziwa kumpa mtoto aliyetafutwa kwa taabu jina lisilojivuna, ili asije akaonewa kijicho. Sehemu ya pili ya riwaya inawafuata watoto hao mpaka wanakuwa watu wazima, wanaoa na kuolewa, nao wanakutana na misukosuko yao. Wazazi wanazeeka na kufa.

Kitabu kizima kina kurasa zaidi ya 600. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, uwindaji wa kiboko, namna ya kuamkiana, namna ya kumtunza mzazi, ngoma, uganga, urithi na mazishi. Hamna mzungu. Kitereza aliuweka wakati wa kisa chake kabla ya wageni kufika, na uamuzi huo una uzito wake. Alikuwa mtu wa misheni, ameishi chini ya Wajerumani kisha Waingereza, na angeweza kwa urahisi kuandika kisa cha mpagani aliyeokolewa na padri, kwani vitabu vya namna hiyo ndivyo vilivyopata wachapishaji upesi. Akaandika juu ya watu ambao hawakuwa wakimsubiri mtu yeyote kutoka ng'ambo aje kuwaambia jema na baya.

Lakini msomaji asitegemee kukuta peponi. Ukerewe ya Kitereza ina wambeya, wavivu, wagomvi na wenye wivu. Magonjwa yanaua watoto. Mwanamke asiyezaa anaumizwa kwa maneno mchana kweupe na hakuna anayeona ajabu. Katika jambo hili Kitereza amesimama upande wa Bugonoka tangu ukurasa wa kwanza, na ni dhahiri kwamba alijua anachokisema. Aliyoyasikia Anna Katura kwa miaka mingi hayakuandikwa popote kwa jina lake. Yameandikwa kwa jina la Bugonoka. Tofauti kubwa kati ya nyumba hizo mbili ni kwamba katika nyumba ya Myombekere watoto walizaliwa na wakaishi.

Baada ya mwaka 1945, kazi ikawa kutafuta mchapishaji. Padri Simard aliuchukua mswada na kuutafsiri kwa Kifaransa, kwa matumaini kuwa utapata mlango Ulaya au Kanada. Padri huyo alifariki katika miaka ya 1950 na tafsiri yake haikuchapwa. Kwa Kikerewe mlango haukuwapo kabisa. Shirika la serikali ya kikoloni lililochapisha vitabu vya lugha za Afrika Mashariki lilitazama zaidi Kiswahili na lugha zenye wasomaji wengi kama Kiganda na Kikikuyu. Mchapishaji wa biashara angeuliza swali moja tu, kwamba ni Wakerewe wangapi watanunua riwaya ya kurasa mia sita.

Wakati mswada ukiwa umelala Kagunguli, mambo makubwa ya fasihi ya Kiafrika yalikuwa yakipita. Mwaka 1958 Chinua Achebe wa Nigeria alitoa Things Fall Apart, riwaya inayosifiwa kote kwa kuirejeshea jamii ya Kiafrika sura yake ya kabla ya ukoloni. Kitereza alikuwa amelifanya jambo hilo miaka kumi na mitatu kabla yake, ila kwa lugha ambayo London haikuisoma. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, ng'ambo ya ziwa hilihili, kujadili fasihi yao. Mkutano huo ulikuwa wa waandishi wanaotumia Kiingereza. Mwezi huohuo Shaaban Robert alifariki dunia, akiwa na vitabu vingi vya Kiswahili nyuma yake, na hakuwa miongoni mwa walioalikwa. Kitereza, ambaye hata jina lake halikujulikana, alikuwa na umri wa miaka 66 na mswada wake ulikuwa na miaka 17.

Wasomi wamebishana sana juu ya mkutano ule wa Makerere, na si lengo la makala haya kuwarejesha ulingoni. Inatosha kusema kwamba swali lililowasumbua, la iwapo Mwafrika anaweza kuandika riwaya nzito kwa lugha yake mwenyewe, lilikuwa limekwisha kujibiwa katika nyumba moja kisiwani Ukerewe, na jibu lilikuwa limeviringishwa likisubiri.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte. Gerald alikuwa mwanahistoria aliyechunguza biashara ya Wakerewe ya karne ya 19, ile ya pembe na majembe iliyotajwa hapo juu, na utafiti wake ulitoka kama kitabu mwaka 1976. Katika kutafuta wazee wenye kumbukumbu, aliambiwa juu ya mzee wa Kagunguli. Alimkuta Kitereza akiwa na zaidi ya miaka 70, mgonjwa wa viungo, akitembea kwa shida. Alipata historia aliyoitaka, na pamoja nayo akagundua kuwa kuna riwaya. Mwaka 1972 Hartwig na mkewe waliandika makala katika jarida la Kimarekani la fasihi ya Kiafrika wakiitangaza kazi hiyo.

Ushauri aliopewa Kitereza ulikuwa mwepesi kuutoa na mgumu kuutekeleza. Aliambiwa autafsiri mswada kwa Kiswahili. Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilikuwa imeshikilia Kiswahili kama lugha ya taifa, Baraza la Kiswahili lilianzishwa mwaka huohuo, na Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa ikitafuta kazi za Watanzania. Kwa Kikerewe asingechapishwa. Kwa Kiswahili pangekuwa na nafasi.

Mzee akakubali. Akaketi na vidole vyake vilivyokakamaa na kuiandika upya riwaya yake yote, neno kwa neno, kwa lugha ya pili. Mtu wa miaka 30 mwenye afya angeogopa kazi hiyo.

Siasa ya lugha ya nchi yetu inastahili kutajwa hapa bila woga. Kiswahili kimetujengea taifa, na mwandishi wa habari anayekula mkate wake kwa Kiswahili hawezi kukikana. Lakini ni kweli pia kwamba kwa ajili ya umoja huo lugha nyingine zilifungiwa nje ya chumba cha uchapaji, na aliyelipa gharama hapa alikuwa mzee mmoja ambaye ilimbidi aandike kitabu chake mara mbili ili kisomwe mara moja. Ngugi wa Thiong'o wa Kenya alichapisha riwaya yake ya kwanza ya Kikikuyu mwaka 1980, na ulimwengu wa fasihi ukatikisika kwa uamuzi wake wa kuacha Kiingereza. Mwaka huohuo wa 1980 ndio uliotoa kitabu cha Kitereza, aliyeanzia kwenye lugha ya mama miaka 35 nyuma na kulazimika kuihama.

Kiswahili chake si cha pwani. Anayekisoma baada ya kumsoma Shaaban Robert atashtuka kidogo. Sentensi ni ndefu, zimejaa mazungumzo na maamkizi, na mara nyingi muundo wa Kikerewe unachungulia chini yake. Wapo waliokiona kasoro. Kwa masikio ya mtu aliyekulia Geita, Sengerema au Shinyanga, hicho ni Kiswahili cha nyumbani, kinachosemwa na bibi aliyejifunza lugha hiyo ukubwani na ambaye hataki kupoteza hata chembe ya anachotaka kukisimulia.

Kutoka kukubaliwa hadi kuchapwa, miaka mingine mingi ilipita. Kazi ya kurasa mia sita ilikuwa mzigo kwa shirika lolote la vitabu nchini wakati huo. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 viliikamua hazina ya taifa, fedha za kigeni zikawa adimu, na karatasi ikawa bidhaa ya kugombewa. Walter Bgoya, aliyekuwa akiiongoza Tanzania Publishing House tangu mwaka 1972, hakukiacha kitabu hicho. Kilichapwa China, na nakala zikapakiwa melini kuja Dar es Salaam.

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Ukerewe ni safari ndefu hata sasa. Wakati ule kifurushi kilipaswa kupanda reli ya kati, kupita Dodoma na Tabora, kushika tawi la Shinyanga na kuishia Mwanza, kisha kuvuka ziwa hadi Nansio. Kitereza alijua kuwa kitabu chake kimechapwa na kiko njiani. Mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 85, alifariki dunia kabla ya kuiona nakala hata moja.

Baada ya kifo chake kitabu kilitembea kuliko mwandishi wake alivyowahi kutembea. Mjerumani Wilhelm Möhlig, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, alikitafsiri kwa Kijerumani kutoka Kiswahili, kikatolewa kwa sehemu mbili mwaka 1991 na 1993. Tafsiri ya Kifaransa nayo ilichapishwa, ile ndoto ya Padri Simard ikatimia kwa mkono wa mtu mwingine. Vyuo vikuu vya ng'ambo vilianza kuitaja riwaya hiyo kati ya kazi kubwa za fasihi ya Afrika Mashariki, wakati katika nchi yake mwenyewe watu wengi walikuwa hawajawahi kusikia jina la Kitereza.

Mwenye kutaka kufika alikoishi anaweza leo kutoka Geita asubuhi, akapita Sengerema na kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025, akaingia Mwanza na kupanda meli ya Nansio. Mwingine anaweza kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Wakati wa Kitereza safari hiyo ilikuwa ya mtumbwi na ya siku kadhaa, na majembe ya Warongo yalipita njia hiyohiyo ya maji.

Bgoya aliondoka katika shirika la umma na kuanzisha kampuni yake ya Mkuki na Nyota. Mwaka 2002 kampuni hiyo ilitoa tafsiri kamili ya Kiingereza ya riwaya ya Myombekere na Bugonoka. Mfasiri alikuwa Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenyeji wa Ukerewe aliyepata kuandika riwaya ya Village in Uhuru mwaka 1969, na ambaye baadaye alifundisha fasihi katika chuo kikuu huko Georgia, Marekani. Ruhumbika hakutafsiri kutoka Kiswahili. Alirudi kwenye mswada wa Kikerewe, ule wa mwaka 1945.